Yethro Hakuja Peke Yake

Maandiko: Kutoka 18:1-27 na Kutoka 1:15-21



Leo naanza na toba yangu kabla sijafika kwa toba yenu. Kuna binti wa kanisa hili niliyempa jibu baya. Nilimpa nikiwa nimeshika Biblia mkononi, na hiyo ndiyo inafanya kosa liwe kubwa zaidi. Ameniruhusu nisimulie, bora tu nisitaje jina. Wale mnaomjua, tafadhali msigeuke kuangalia kiti chake. Hata hivyo leo hayupo. Yuko wodini.

Ni mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa tano katika ile miaka sita. Tumemlea hapa tangu shule ya Jumapili. Alikuja ofisini Jumatano moja baada ya maombi ya mchana, akaketi, akafungua mkoba, akatoa karatasi ya matangazo ya kanisa. Nyuma ya karatasi alikuwa amepiga hesabu kwa kalamu.

Akaniambia, "Pasta, nisaidie kuhesabu."

Nikafikiri ni karo. Nikaanza kuwaza ni mzee gani wa kanisa nitampigia simu. Kumbe haikuwa karo, ilikuwa miaka. Sasa ana miaka 24. Amalize chuo. Halafu mwaka mmoja wa udaktari mwanagenzi, na si mnakumbuka mgomo wa 2024, vile wanagenzi walikaa nyumbani wakingoja kupangiwa hospitali? Hiyo pia aliihesabu. Kisha afanye kazi kidogo kama daktari wa kawaida. Halafu, kama anataka kuwa daktari wa upasuaji, aanze tena masomo, miaka mitano mingine. Akajumlisha: mambo yakienda vizuri, 33 ama 34.

Chini ya hesabu hiyo kulikuwa na nyingine. Harusi. Mtoto wa kwanza. Wa pili. Kila mstari una alama ya kuuliza mbele yake. Na hesabu zote mbili zilikuwa zimeangukia miaka ileile.

Kwa sababu kuna kijana, wapendwa. Ameshafika kwao na wazee kujitambulisha. Ni mwalimu wa shule ya upili, ameokoka, hana shida. Shida ni kwamba mama ya kijana alisema wazi mbele ya wageni: daktari ni sawa, lakini daktari wa kuitwa usiku kupasua watu, hapana. Nani atakaa na wajukuu wake? Na mama ya binti mwenyewe, ambaye ameuza mboga sokoni ili huyu mtoto asome, naye amemwambia achague macho ama ngozi, kazi za mchana. (Madaktari wa macho pia hupasua, lakini Mama hakuambiwa hivyo.)

Nikamuuliza, "Wewe mwenyewe unataka nini?"

Akanieleza usiku mmoja wa mafunzo. Aliletwa kijana wa bodaboda, amegongwa, tumbo limevimba, damu inavujia ndani kutoka kwa bandama. Daktari wa upasuaji aliyekuwa zamu alikuwa mwanamke. Wakaingia thieta. Kazi ya binti yetu ilikuwa kushika vyuma vinavyoacha tumbo likiwa wazi, asimame hivyo, asitetemeke. Alisimama masaa karibu matatu. Aliona damu ikijaa na kujaa, kisha akaona mkono wa yule mama ukiingia ndani na kushika mahali fulani, na damu ikasimama. "Pasta," akaniambia, "nilisahau nina miguu. Nilijua niko pale nilipoumbiwa."

Lakini usiku huohuo, kabla hawajamaliza kushona, simu ya daktari ikalia. Ikalia tena. Nesi akaishika karibu na sikio lake kwa sababu mikono ilikuwa na damu. Ilikuwa sauti ya mtoto. Binti yetu aliisikia. Mtoto alikuwa anauliza kama kesho Mama atakuja shuleni kwa siku ya zawadi, ama atume shangazi tena. Yule daktari akasema, "Mwambie shangazi ajitayarishe." Akaendelea kushona.

"Sasa Pasta, yule mgonjwa alipona. Na mimi sijui nimlilie nani."

Hapo ndipo nikafungua Tito sura ya 2, pale Paulo anapoandika kuhusu wanawake vijana na nyumba zao. Nikamhubiria dakika ishirini. Nikamwambia, binti yangu, nyumba ndiyo huduma ya kwanza ya mwanamke. Upasuaji uachie wanaume. Tafuta kazi itakayokufikisha nyumbani saa kumi na moja jioni. Akasema, "Asante, Pasta." Akakunja karatasi yake ndogo-ndogo kabisa, akaenda. Na mimi nikajisikia mchungaji.

Jioni nikamsimulia mke wangu. Alikuwa anachagua maharagwe. Mke wangu huniita baba watoto. Akiniita Pasta ndani ya nyumba, najua nimekwisha.

"Pasta," akasema, "kijana wetu alizaliwa saa ngapi?"

Nikasema usiku.

"Saa nane usiku. Ulikuwa wapi?"

Nilikuwa kesha. Tulikuwa tunapanda kanisa, na ile kesha ilikuwa na nguvu, watu walifunguliwa. Niliambiwa asubuhi.

"Mtoto alikuwa amelala vibaya, mapigo ya moyo yanapungua. Walinipeleka thieta mbio. Aliyenipasua alikuwa daktari mwanamke, na yeye mwenyewe alikuwa mjamzito, tumbo lake liligusa kitanda. Alinishika mkono kabla nilale. Wewe hukuwa hapo, yeye alikuwa hapo. Sasa kama pasta wake angemwambia afike nyumbani saa kumi na moja, mimi na mtoto wako tungekuwa wapi?"

Nikanyamaza. Hakuwa amemaliza.

"Na wewe ulipoacha nyumba miaka kumi na miwili ukihubiri, ni pasta gani alikufungulia Tito?"

Wapendwa, nimehubiri miaka mingi. Sikupata la kusema. Nikachukua Biblia nikaenda kukaa nje, na Roho Mtakatifu akanipeleka Kutoka 18. Twendeni pamoja.

Tumezoea sura hii kama somo la uongozi. Wazee wa kanisa mnaipenda sana: wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini, wa kumi. Tunaisoma tukichagua kamati. Lakini angalieni sura inavyoanza. Musa yuko kilele cha huduma. Bahari imepasuka, mana imeshuka, mwamba umetoa maji, Amaleki amepigwa sura iliyotangulia tu. Na hapo mstari wa 2 unatuambia jambo ambalo sisi hulipita mbio: Sipora, mke wa Musa, hayuko kambini. Musa alikuwa amemrudisha kwao. Biblia haisemi ni lini wala kwa nini. Inasema tu kwamba Yethro alimchukua binti yake pamoja na wale watoto wawili, Gershomu na Eliezeri, akaja nao mpaka jangwani. Akatanguliza ujumbe: mkwe wako anakuja, na mke wako, na wanawe wawili.

Sasa soma mstari wa 7. Musa anatoka kumlaki mkwewe. Anainama, anambusu, wanaulizana hali, wanaingia hemani. Mstari wa 8, anamsimulia yote Bwana aliyomtendea Farao. Ushuhuda mkubwa kabisa! Yethro anafurahi, sadaka inatolewa, wazee wanakuja kula mkate. Mke na watoto wametajwa tena na tena kutoka mstari wa 2 hadi wa 6. Kutoka wa 7, hebu nitafutie. Hawako. Sisemi Musa hakuwasalimia, hilo silijui. Nasema mwandishi hakuliandika, na aliandika busu la mkwe.

Kisha inakuja mstari wa 13. Kesho yake. Semeni, kesho yake. Mke amekuja jana kutoka Midiani na watoto, na kesho yake Musa yuko ofisini tangu asubuhi hadi jioni, watu wamepanga foleni.

Yethro akaangalia siku nzima. Halafu akauliza, mbona umekaa hapa peke yako? Musa akatoa jibu la kiroho, lile ambalo mimi nimelitoa mara nyingi: watu wananijia wamtafute Mungu. Ndiyo, na ni kweli! Hakudanganya. Mgonjwa wa bodaboda pia ni kweli. Kesha pia ni kweli. Yethro hakumwambia kazi yake ni bure. Alimwambia jambo unalofanya si jema, utachoka wewe na hawa watu pia.

Na hapa ndipo Bwana alinikamata. Yethro ni baba mkwe. Alikuwa na haki zote za kusema, Musa, chagua: ama kazi ama binti yangu. Hakusema. Alikuwa na haki ya kumwambia Sipora, binti yangu, ulijua unaolewa na nabii, vumilia. Hakusema. Alikwenda kwa ile kazi yenyewe na kuuliza ni nani mwingine anaweza kuibeba. Akaipanga upya. Mambo makubwa yakabaki kwa Musa, kwa sababu kuna mambo ni Musa tu. Mengine yakaenda kwa wengine. Na mstari wa 27 unamtaja Yethro tu akirudi nchi yake. Alikuja na mke wa mtu na watoto wa mtu, na sioni mahali alipowarudisha.

Mimi nilikuwa mchungaji wa yule binti, na nilimfanyia kinyume kabisa. Alinijia na mizigo miwili, mmoja kila bega. Badala ya kuuliza ni nani atamsaidia, nilimwambia atupe mmoja.

Na watoto wa Musa waliishia wapi? Hilo nililitafuta kwa sababu yangu mwenyewe. Ukisoma Waamuzi 18:30 utamkuta kuhani wa sanamu ya Wadani, Yonathani, wa uzao wa Gershomu mwana wa Musa. Tafsiri nyingine zimeandika Manase, lakini nyingi zinasema Musa. Uzao wa mtu aliyeshuka na zile mbao mbili za amri, unafukizia sanamu. Usikimbilie kuhukumu. Nenda 1 Mambo ya Nyakati 23, utakuta uzao wa Eliezeri umeongezeka sana, na sura ya 26 kuna Shebueli wa uzao wa Gershomu aliyesimamia hazina. Nyumba moja, matokeo mbalimbali. Biblia haisemi Yonathani alipotea kwa sababu Musa alikuwa kazini, na mimi sitaisemesha. Ila usiku ule sikuweza kulala.

Kwa sababu kijana wangu, yule aliyezaliwa saa nane, alipokuwa mdogo nilimpeleka kliniki siku moja mama yake akiwa mgonjwa. Nesi akaniuliza yuko darasa la ngapi. Nikasema la tano. Mtoto akanivuta koti, akasema kwa sauti ya chini, "Niko la sita, Pasta."

Pasta. Aliniita vile kila mtu aliniita. Leo ni mtu mzima, anafanya kazi Mombasa. Hupigia mama yake simu kila Jumapili. Mimi huletewa salamu.

Turudi Kutoka sura ya 1. Kuna wanawake wawili pale, Shifra na Pua, wazalisha. Hawa ndio wahudumu wa afya wa kwanza ninaowaona katika Biblia kwa majina, na ni wanawake. Farao mwenyewe, na ukuu wake wote, sura ile haimtaji jina, wazalisha wanatajwa. Kazi yao haikujua saa kumi na moja jioni. Mtoto huja saa anayotaka. Waliamriwa waue watoto wa kiume, wakamcha Mungu, wakakataa. Na mstari wa 21, Mungu akawalipa nini? Nilikuwa nimeusoma mara ngapi sijui. Akawapa nyumba. Jamaa. Familia. Hakuwaambia waache kazi ndipo awape nyumba. Aliwapa wakiwa kwa kazi, na kwa sababu ya vile walivyoifanya.

Sasa msinielewe vibaya. Si kila binti anayelala macho wodini ataamka na mume na watoto watatu. Mstari huo hauna ahadi hiyo. Na wako dada zetu hapa ambao wamemaliza masomo yote na nyumba haijaja, na wanamtumikia Mungu kikamilifu, tusiwaongezee mzigo na maombi yetu ya kejeli. Nasema tu kwamba mimi nilimfungia binti mlango ambao Mungu, kwa Shifra na Pua, aliuacha wazi.

Nilimwita tena, safari hii nyumbani, mke wangu akiwepo. Nikamwomba msamaha. Akanyamaza kidogo, halafu akasema kitu ambacho nimekiandika ndani ya jalada la Biblia yangu. "Pasta, sikuwa nimekuja kuomba ruhusa. Nilitaka mtu wa kuhesabu na mimi."

Basi tukahesabu. Kijana wake alikuja pia, nikamwomba aje. Na wacha niwaambie tulichojifunza, kwa sababu hata mimi sikujua.

Kuna njia zaidi ya moja ya kuwa daktari wa upasuaji. Kuna ya vyuo vikuu. Kuna chuo cha madaktari wa upasuaji cha Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, kinaitwa COSECSA, makao yake Arusha. Huko daktari anafundishwa akiwa ndani ya hospitali anayofanyia kazi. Kuna mpango wa madaktari Wakristo, PAACS, unaofundisha katika hospitali za misheni kama Tenwek kule Bomet na Kijabe, na pamoja na kisu wanafundishwa Neno. Zote ni miaka, hakuna ya mkato. Lakini mahali unapofunzwa, nani anaishi karibu nawe, kama mume anaweza kupata shule ya kufundisha hapo jirani, hayo yanaweza kupangwa mapema. Binti alikuwa anayabeba kichwani peke yake usiku.

Na uhitaji je? Mwaka wa 2015 jopo lililoundwa na jarida la udaktari la Lancet lilisema watu bilioni 5 duniani hawana namna ya kupata upasuaji salama kwa bei wanayoiweza. Likapendekeza kila watu 100,000 wawe na angalau wataalamu 20 wa upasuaji, nusukaputi na uzazi. Kwa sensa ya 2019 sisi Wakenya tulikuwa zaidi ya milioni 47. Zidisha mwenyewe, utapata zaidi ya wataalamu 9,000, na hatujakaribia. Ndiyo maana yule daktari aliyekuwa thieta hangeweza kwenda siku ya zawadi. Hakukuwa na mwingine. Mtoto wake alikuwa analipa deni la nchi nzima.

Kwa hivyo mnaposema tuwapunguze mabinti wanaoingia kazi hiyo ili nyumba zipone, mnawaongezea zamu wale waliobaki. Hesabu ya Yethro ni kinyume: ongeza watu, kila mmoja abebe kidogo, wote warudi mahali pao kwa amani.

Nilimgeukia kijana. Nikamuuliza mbele ya binti, si pembeni, "Wewe unaweza nini?" Si unataka nini. Unaweza nini.

Alifikiria. Akasema, "Kupika naweza. Mtoto kumbeba naweza, kumpeleka kliniki naweza. Mama yangu nitaongea naye mwenyewe. Lakini Pasta, siwezi kuoa mtu ambaye nitamwona tu akiwa amelala. Nataka siku moja kwa wiki ambayo simu inashikwa na mwingine."

Binti akasema ukweli pia. "Siwezi kukuahidi kila wiki. Ile miaka ya mafunzo si mimi hupanga zamu."

Wakaangaliana. Hatukumaliza jioni hiyo, na sitawadanganya ati ilimalizika. Lakini ni afadhali kijana aliyesema kabla ya harusi kuliko yule anayesema, mimi sina shida, halafu mwaka wa pili anamleta dada kwangu kwa maombi ya ukombozi, kumbe pepo ni zamu ya usiku. (Mnacheka, lakini nimeyaona.) Bwana Yesu katika Luka 14 anazungumza juu ya kumfuata yeye, na anamtaja mtu wa kujenga mnara akikaa chini kwanza kuhesabu gharama. Sijaona mahali aliposema ahesabu fundi peke yake.

Sasa nyinyi akina baba. Sheria ya ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu akijifungua, na baba inampa wiki mbili. Wiki mbili, na mshahara. Wangapi hapa walizichukua na wakakaa nyumbani kweli? Sioni mikono. Mimi sina mwajiri wa kunipa, lakini pia sikuomba. Na wako hapa madaktari wanaume, wafanyabiashara, madereva wa masafa marefu, askari. Hakuna mtu alikuuliza siku ya kujitambulisha, kijana, na kazi hii yako nani atakaa na watoto? Swali hilo tumelitengenezea wasichana tu. Kuanzia leo, katika mafundisho ya kabla ya ndoa ya kanisa hili, tutawauliza wote wawili, na nitauliza mimi.

Akina mama wakwe, nawapenda, mnanilisha. Lakini someni Kutoka 18 tena. Yule mkwe alikuja na suluhisho. Ile siku ya zamu ndefu, ukija na sufuria ya githeri na kumchukua mtoto jioni moja, umekuwa mkuu wa kumi.

Na kanisa. Tumeshafanya harambee ya karo kwa wanafunzi wangapi? Wengi, Mungu awabariki. Karo ikiisha tunapiga picha, tunamwita Daktari, tunamkalisha mbele, tunamwachia mengine. Idara ya akina mama wamekubali kuanza orodha. Wale waliostaafu na wana nguvu, ambao wanaweza kukaa na mtoto wa nesi ama daktari ama askari aliye zamu usiku, waandike majina kwa meza ya nyuma baada ya ibada. Orodha ilianza wiki jana na majina matatu. Moja ni la mke wangu. Jingine ni la mama ya yule kijana, na hilo sikulitarajia. Hajabadilisha msimamo, aliniambia hivyo mlangoni. Ameandika jina tu.

Binti mwenyewe hajaamua. Ana mpaka mwaka wa wanagenzi kuisha kabla ya kuomba nafasi, na ameniambia anaweza bado kuchagua kitu kingine, na akichagua, iwe ni kwa sababu amechagua. Nimemwambia meza yetu ni yake kwa vyovyote. Nimetunza ile karatasi ya matangazo, aliniachia. Zile alama za kuuliza bado ziko.

Jumatatu nilipiga simu Mombasa. Kijana wangu alishika upesi, akauliza, "Nani amekufa?" Nikamwambia hakuna. Nikamwambia napiga tu. Kukawa kimya mpaka nikafikiri simu imekatika. Kisha akasema, "Haya." Tuliongea dakika nne. Nitapiga tena kesho.

Tusimame, tuombe.

Baba katika jina la Yesu, tunakuletea wale walio kazini saa hii tukiwa tumekaa hapa. Aliye thieta, shika mkono wake usitetemeke. Aliye na mtoto nyumbani anayeuliza anarudi saa ngapi, tuma mtu amfungulie mlango, na kama mtu huyo ni mimi, nisikatae. Kumbuka binti yetu aliye wodini. Kumbuka yule daktari aliyempasua mke wangu saa nane usiku, sijui jina lake, sikuwahi kumwambia asante. Mtoto aliyembeba usiku ule popote alipo, Bwana, mbariki. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.